Kile kidole hatukiulizii

Makaratasi ya kliniki za watoto huku Marekani yanachosha. Mtoto ana miezi 18, anakimbia, anacheka, bado unakabidhiwa dodoso la M-CHAT-R, la kuchuja dalili za usonji (autism), maswali 20. Ukimwita jina anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole, si kwamba anakitaka, ila nawe ukione? Akifika miezi 24, jaza tena.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wako sahihi. Kwetu swali ni moja: "Ameanza kuongea?" Mtoto anayekariri tangazo la redio neno kwa neno anahesabiwa mzima, hata kama hajawahi kuomba maji. Asiyeongea tunaambiwa tumsubiri, eti mjomba wake naye alichelewa. Kile kidole hakuna anayekiulizia.

Najua mtakachosema: "Kavuka bahari juzi, leo anatufundisha kulea." Haya, semeni. Ila dodoso hili halihitaji mashine. Kila jibu la kutia shaka ni alama moja. Alama 0 hadi 2, hakuna rufaa kwa mtaalamu. 3 hadi 7, yarudie na mzazi yale maswali yaliyotia shaka, umwombe mfano. Zikibaki 2 au zaidi, rufaa. 8 kwenda juu, rufaa moja kwa moja. Na mfano ndio kila kitu: mzazi atakuambia "ndiyo, ananionyesha," kumbe mtoto humshika mkono na kumburuta hadi kwenye kikombe, bila hata kumtazama usoni. Manesi wetu wanaopima uzito wangelinasa hilo upesi kuliko hawa wa huku, maana wanajua kumdadisi mama.

Alama peke yake haisemi kwamba ni usonji. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayouonyesha. Masikio yapimwe, kisha mtaalamu amtazame mtoto akicheza na amhoji mzazi kwa kina. Na huku si peponi, jamani: foleni ya kumwona mtaalamu huyo hula miezi, na matapeli wanaowanywesha watoto dawa ya klorini kama "tiba" wapo.

Msaada hausubiri cheti. Anza na kadi moja ya picha: mtoto akikukabidhi picha ya maji, mpe maji papo hapo. Haimfanyi mvivu wa kuongea, utafiti umeliangalia hilo. Kinachoharibu ni mtu mzima kuishikilia kadi na kudai, "Sema maji kwanza." Mara ya tatu utaikuta uvunguni.