Mkulima wa mitiki Muheza na msumeno unaosingiziwa

Likitajwa suala la misitu ya Usambara Mashariki, msumeno wa mnyororo huwa mshtakiwa wa kwanza. Watetezi wa mazingira huulaani, maofisa huutilia shaka, na mwenye nao kijijini huuficha uvunguni kana kwamba ni gobore. Wanaotaka upigwe marufuku kabisa vijijini wana hoja nzito. Lakini marufuku hiyo ingemwangukia mtu asiye na kosa: mkulima wa Muheza aliyepanda mitiki katika shamba lake, akaipalilia miaka na miaka, na sasa anataka kuipunguza au kuivuna. Huyu hasikilizwi vya kutosha.

Wanaoupinga wanasema hivi, na wanasema kweli. Kuangusha mvule kwa msumeno wa watu wawili, kuchimba shimo na kuupasua kulikuwa kazi ya siku nyingi. Wapasuaji walihitaji chakula, walionekana, walijulikana walipolala. Msumeno wa mnyororo unaangusha mti huohuo kwa dakika chache, na usiku mmoja unamtosha mwizi kufanya kazi na kutoweka. Na kinachopotea si mbao peke yake. Mto Zigi unaoteremka kutoka milima ya Amani ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Jiji la Tanga linakunywa kutoka hapo. Katika misitu hiyo ndiko lilikotoka ua la Saintpaulia, ambalo leo linapandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Mtu anayeyajua haya akisikia injini inanguruma bondeni saa tatu usiku, ana haki ya kushtuka.

Hata hivyo milima hiyohiyo ina historia ambayo wapinzani wa msumeno huipita haraka. Miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, wakati huo mali ya umma na kikipata msaada wa Ufini, kilivuna magogo huko juu kwa mitambo mizito. Zilichongwa barabara kwenye miteremko mikali, matrekta yakaburuta magogo, udongo ukafuata maji. Kelele zilipozidi uvunaji huo ukasimamishwa, Ufini yenyewe ikageukia kusaidia uhifadhi, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Tena, pembeni ya mitambo hiyo walikuwepo wapasuaji wa mikono, na wao kwa misumeno yao ya jasho walitoa miti mingi mikubwa, hadi nao wakazuiwa. Kwa hiyo msitu ule uliumizwa kwa kibali na bila kibali, kwa chombo kikubwa na kwa chombo kidogo. Lililokuwa likikosekana ni mtu wa kuhesabu nini kinatoka, wapi, na kwa ruhusa ya nani.

Sasa turudi shambani. Mitiki ikipandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, hekta moja inabeba miti 1,600. Haiwezi yote kuwa mbao. Isipopunguzwa kwa wakati, inashindania mwanga, inarefuka bila kunenepa, na baada ya miaka 20 mwenye shamba anajikuta na msitu wa fito. Wakulima wengi wanalijua hili. Wanachelewa kwa sababu kupunguza mamia ya miti kwa shoka ni adhabu, na kukodi mtu mwenye msumeno maana yake ni kumsubiri na kulipa anachotaka.

Shoka lenyewe lina hasara ambayo haitazamwi. Mkataji hupiga usawa wa kiuno au goti, pale mkono unapopata nguvu, na kisiki kinachobaki ndicho sehemu nene kuliko zote ya mti. Kinabaki pia kimechanika na kina nyufa. Mtiki una tabia njema ya kuchipua tena kutoka kwenye kisiki, lakini chipukizi lililoshika juu ya kisiki kirefu kilichopasuka hukaa vibaya na huvunjika kwa upepo. Msumeno unakata chini, karibu na ardhi, kwa mshazari kidogo ili maji ya mvua yatiririke yasituame. Mti wa pili unaanza hapo bila kununua mche.

Kuna jambo kubwa zaidi la fedha. Mkulima asiye na chombo huuza mti ukiwa umesimama. Mnunuzi anauzunguka, anaupima kwa macho, anataja bei, na mwenye mti hana cha kujibu kwa sababu hajui mna mbao ngapi ndani yake. Mwenye uwezo wa kuangusha na kupasua anauza mbao zilizohesabika, moja kwa nane, moja kwa kumi, mbili kwa nne (inchi za unene na upana), kila moja na urefu wake. Mazungumzo yanabadilika kabisa.

Hapa ndipo wapinzani wenye ujuzi hutoa hoja yao nzuri kuliko zote: upotevu. Mnyororo unakula mbao. Njia yake ni pana, kama milimita tisa, wakati msumeno wa mikono unakula kama nne na mashine ya mkanda, ile ya kupasulia yenye utepe wa chuma wenye meno, kama tatu. Hesabu hii inastahili kufanywa hadi mwisho, maana wengi huitaja wakaishia nusu. Chukua gogo la mtiki lililotolewa mabanzi pande zote likabaki mraba wa sentimita 24. Unataka mbao za milimita 25. Kwa mashine ya mkanda utapata nane. Kwa msumeno wa mikono wenye fundi mzuri, nane pia. Kwa msumeno wa mnyororo uliofungwa kwenye fremu inayoteleza juu ya gogo, saba. Ukipasua kwa kukisia, bila fremu, mbao zinatoka na mawimbi, inabidi uzikate kwa milimita 30 ili randa ipate cha kula, na unaishia na sita.

Tazama vizuri namba hizo. Kati ya nane na sita, nusu ya hasara ni ya mnyororo na nusu ni ya kukosa fremu. Fremu ni kipande cha chuma ambacho fundi wa kuchomelea mwenye mfano mkononi anaweza kukiiga, pamoja na ubao mnyoofu au ngazi ya kuongozea mkato wa kwanza. Anayesema msumeno wa mnyororo unaharibu robo ya mbao anauelezea msumeno uliotumiwa vibaya, kisha anadai upigwe marufuku badala ya kudai ufungwe fremu.

Na ile mbao ya nane ya mashine ya mkanda inapatikana tu kama gogo litafika kwenye mashine. Gogo la mita tatu lenye kipenyo cha sentimita 34, ambalo ndilo linalotoa ule mraba wa 24, likiwa bichi linapita kilo 200. Shamba likiwa tambarare kando ya barabara, mashine ya mkanda ishinde, sina ubishi. Kikundi chenye miti mingi kichangishane kiikodi. Lakini mashamba mengi ya Muheza yamelala kwenye miteremko, gari linaishia chini, na gogo la uzito huo haliendi popote bila trekta. Mbao saba zilizopasuliwa palepale lilipoanguka zinabebwa begani na vijana wawili. Kuchonga barabara kwa ajili ya mbao ya nane ni kurudia kosa la miaka ya 1970 kwa kipimo cha kijiji.

Kuhusu mashine ipi inunuliwe, naona pesa nyingi ikipotea kwa tamaa ya ukubwa. Ndoto ya wengi ni Stihl 070, lile jitu la zaidi ya sentimita za ujazo 100, au nakala zake za bei nafuu. Kwa kupunguza mitiki ya unene wa paja hilo ni zito, linachosha, na mtu aliyechoka ndiye anayeumia. Injini ya sentimita za ujazo 45 hadi 50 yenye bamba, ule upanga wa chuma unaozungukwa na mnyororo, la inchi 15 au 16 inatosha. Kupasua magogo kunahitaji zaidi, kuanzia 70 hivi, pamoja na mnyororo ulionolewa kwa pembe ya digrii 10 badala ya 30 ya kukatia mti. Kikundi kikiwa na uwezo wa moja tu, kianze na ndogo, kikodi kubwa siku za kupasua. Na iwe yenye breki ya mnyororo inayofanya kazi. Bila breki usiinunue hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu ncha ya bamba ikigusa kitu kwa upande wake wa juu msumeno wote huruka kumrudia aliyeushika, na hakuna mtu mwenye wepesi wa kuukwepa.

Pesa iliyobaki baada ya kuacha lile jitu inunue suruali ya kinga, kofia yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio, mnyororo wa akiba na tupa za duara zinazolingana na meno ya mnyororo. Tupa ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Angalia kinachotoka chini ya msumeno: ukitoa vipande vinavyoonekana na kushikika, meno yako makali, ukitoa unga laini kama wa sembe, simama, noa. Kuendelea kukandamiza butu ni kuchoma petroli, kuchoma bamba na kuchosha mikono hadi iingie ganzi. Mchanganyiko nao usikisiwe: kwa kipimo cha 1 kwa 50, lita tano za petroli zinataka mililita 100 za oili ya kuchanganyia, kipimo ambacho wavuvi wa injini za boti wa Tanga na Pangani hawahitaji kufundishwa. Na ile desturi ya kumwagia mnyororo oili chafu ya gari iachwe. Ina vumbi la chuma linalokwangua pampu na bamba, na inadondoka yote shambani, mara nyingi juu ya chemchemi ambayo wenzako wanateka maji.

Inabaki hofu ya usiku, na hiyo haijibiwi kwa suruali wala kwa fremu. Msumeno wa mkulima halali unaweza kuazimwa na mwizi. Ninavyoona, msumeno unaofichwa uvunguni ndio unaoazimwa kirahisi zaidi, kwa kuwa hakuna anayejua uko kwa nani. Uwe mali ya kikundi, namba yake ya injini iandikwe kwenye daftari la serikali ya kijiji na ofisi ya misitu ya wilaya iijue. Ulale kwa mtunzaji mmoja, na anayeuchukua aandike jina, shamba anakokwenda, miti anayokusudia kukata na saa ya kurudisha, kabla ya jua kuzama. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu inahitajika hata kwa mbao za mti uliopanda mwenyewe, kwa hiyo daftari hilo litamsaidia pia ofisa anayeitoa: mbao zilizoombewa hati zilinganishwe na miti iliyoandikwa siku ile. Zikizidi, au ukitokea mvule kati ya mitiki, jina la aliyechukua msumeno lipo, na mwenyekiti wa kijiji ana pa kuanzia.