Mwalimu Hajatoa

Najua mmeshaipata. Yule mwenzangu tunayefundisha naye Kiswahili kwa wageni alikuwa amekaa nyuma ya darasa, na kabla sijafika nyumbani stori ilikuwa imenitangulia, tena imeongezwa chumvi: eti nililia. Sikulia. Macho yalitoka jasho.

Mnanijua na wimbo wangu wa matini halisi. Vitabu vinamfundisha mgeni "Hujambo? Sijambo", halafu akishika simu anakutana na "mambo vp", "cjui", "2taonana", "xaxa", anadhani kaingia nchi nyingine. Kwa hiyo mimi huwaletea matangazo, vikaratasi vya dawa, ujumbe wa simu. Matini siigusi hata nukta. Ninachorahisisha ni zoezi. Hata wanaoanza, wale wa A1 kwenye ngazi za Baraza la Ulaya, wanaweza maswali matatu: Nani anaandika? Anamwandikia nani? Anataka nini?

Leo somo lilikuwa -ja-, ile ya kusema jambo bado halijafanyika. Nikachomeka simu kwenye projekta, nikafungua grupu la kamati ya harusi ya binamu. (Msiniulize kwa nini sikupiga picha ya skrini. Mwenzangu kashauliza vya kutosha.)

Juu pakatokea: Shangazi anaandika…

Darasa zima macho ukutani. Anaandika… Akaacha. Anaandika tena… Ndugu zangu, mtu akiandika muda wote huo hakusalimii.

Ukaingia. Waya ulikuwa karibu kabisa na mkono wangu, ila mkono ulishakata tamaa. Mwanafunzi wa Kijapani, zamu ikiwa yake, akasimama kusoma. Sasa Kijapani kina irabu tano kama sisi, a e i o u, kwa hiyo hakubabaika. Kila silabi ililia safi kama kengele: "Mwa-li-mu ha-ja-to-a. Ha-ja-pi-ga si-mu. Ha-ja-o-na ha-ya."

Kimya. Ujumbe mmoja, -ja- tatu. Mimi mwenyewe nisingetunga mfano mzuri hivyo.

Mjerumani akanyoosha mkono. Yeye swali likiwa ubaoni lazima lijibiwe. "Nani anaandika? Shangazi. Anataka nini? Mchango. Anaandikia wewe."

Na mimi, jamani, kwa mdomo wangu huu: "*Anakuandikia* wewe. Usisahau kiambishi cha mtendwa."

"Anakuandikia wewe!" likarudia darasa zima.

Nilipopata nguvu za kuchomoa waya, ujumbe wa pili ulishatua: "Naona umesoma. Tiki za bluu hizo." Wakaupigia makofi, maana waliuelewa bila msaada.

Mengine mafupi. Nimetoa mchango wakati wa mapumziko. Zoezi la mwisho wa kipindi, walilolipendekeza wenyewe, likawa kumwandikia Shangazi kumwomba radhi. La Mjapani lilikuwa tamu: shikamoo mwanzoni, kumwulizia afya, watoto, safari, hela ikaja mwisho kabisa. Nikalituma kama lilivyo. Shangazi akajibu papo hapo: "Huyu si wewe. Mlete aliyeandika."

Sasa yumo kwenye grupu. Ninavyoandika hapa ameshatoa ahadi yake, taslimu, na ameuliza mbele ya kamati nzima: "Shikamooni. Mwalimu hajalipa ya sare?"