Watoto 1,037 wa Dunedin: je, kufuatilia watu maisha yao yote kunalipa?

Utafiti wa Dunedin, New Zealand, unawafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa mjini humo kati ya Aprili 1972 na Machi 1973. Walipofikisha miaka 45, walio hai walikuwa 997, na 938 walifika kupimwa. Asilimia hiyo 94 ndiyo mtaji wa utafiti mzima. Wanaopotea aghalabu ni wahamaji, wagonjwa na waliolemewa na maisha. Wakiondoka hao, waliobaki huonekana wazima kuliko mji wenyewe, na uhusiano wa ustawi na afya hupotoshwa. Ndiyo maana mshiriki hulipiwa nauli hata akiwa ng'ambo, kisha hupimwa siku nzima: presha, damu, meno, na mapafu kwa kupuliza kwenye mashine. Vipimo hivyo ni muhimu, kwa kuwa mwenye huzuni huweza kujieleza kama mgonjwa ilhali presha yake ni nzuri.

Faida nyingine ni kumbukumbu. Washiriki walihojiwa mara kwa mara kati ya miaka 18 na 32, na waliobainika kuwahi kuugua sonona au wasiwasi walikuwa karibu mara mbili ya kiwango cha tafiti zinazowataka watu wazima wakumbuke ya nyuma. Watu husahau hata maumivu makubwa.

Wanaopinga nao wana hoja. Huu ni mji mmoja, na wengi wa washiriki wana asili ya Ulaya. Tena, watoto walioshindwa kujizuia utotoni walikuwa na afya mbaya zaidi wakiwa na miaka 32, hata baada ya kuzingatia kipato cha wazazi. Lakini hilo halithibitishi kwamba kumfundisha mtoto kujizuia kutamkinga. Hapo linahitajika jaribio, yaani kulinganisha watoto waliofundishwa na wasiofundishwa.

Kuna pia hasara tupu. Marekani ilipanga kufuatilia watoto 100,000, ikatumia zaidi ya dola bilioni 1, ikafunga mradi Desemba 2014 kabla utafiti mkuu haujaanza.

Kwa maoni yetu, ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya wanaofuatiliwa, usitangulie; kutowapoteza ndiko kutangulie. Soweto na Johannesburg, 1990, waliandikishwa watoto 3,273 waliozaliwa ndani ya wiki saba. Kina mama waliojifungulia mjini kisha wakarudi kwao ndio waliokuwa wagumu kupatikana tena. Atakayeanzisha utafiti kama huo Dar es Salaam achukue, siku ya kwanza, namba za simu za ndugu watatu wanaoishi nyumba tofauti, mmoja wao akiwa kijijini, na azihakiki kila baada ya miezi sita.