Kifafa, sauti za ziwani na kifaa cha kifuani

Ukitaja Kigoma kifaa cha kusisimua neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni na kupita shingoni, kwa wenye kifafa, jibu huwa tayari: hiyo mashine ya matajiri, sisi tupeni vidonge. Naliheshimu jibu hilo. Fenobabitoni, kidonge cha kifafa, ni ya bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Lakini anayebaki je? Kibirizi yupo kijana mwenye kovu la moto toka kiganjani hadi kiwikoni, aliangukia mafiga. Vidonge anameza, mama yake huvifunga kwenye pindo mbili za khanga, ya asubuhi na ya usiku. Bado anaanguka, na bado anasikia sauti zikimwita kutoka ziwani. Kwake dawa zinagombana: levetirasetamu inayozuia kifafa inaweza kuchochea saikosisi, yaani kusikia au kuamini yasiyokuwepo, na klozapini inayotuliza sauti inaweza kumwangusha zaidi.

Kifaa hakiingii kwenye ugomvi huo. Huwekwa chini ya mtulinga wa kushoto, waya ukazungushiwa neva shingoni, kikatuma umeme mdogo kwa vipindi usiku na mchana. Marekani ilikiidhinisha kwa kifafa sugu mwaka 1997.

Baada ya miaka kadhaa, takriban nusu ya waliowekewa hupungukiwa na nusu ya kuanguka kwao au zaidi. Wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache, na wengi huidharau hiyo nusu. Mimi naipimia mafigani. Aliyeanguka mara 8 kwa mwezi akibaki na 4, ni mara 48 kwa mwaka ambazo hakuangukia motoni wala majini. Ni mara 48 mama yake hakukurupuka.

Hoja inayonitisha si bei. Wapo walioripotiwa kupata saikosisi kifafa kilipopungua kwa kifaa hicho. Daktari wa kifafa Heinrich Landolt alieleza hali ya namna hiyo tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo daktari wa neva na wa akili lazima wamfuatilie mgonjwa pamoja, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Betri ikiisha, ni upasuaji tena.

Vidonge visikatike zahanati, hilo halina mjadala. Ila hospitali ya mkoa, Maweni, inaweza kuanza kuwaandika wale ambao dawa mbili za kifafa zimewashindwa na bado wanasikia sauti. Kwa sasa tunawabishania bila hata kujua ni wangapi.