Neno "Ameacha" na Fao la Kukosa Ajira

Dodoma ajira huisha kwa mkupuo. Jengo likikamilika Mtumba, au zabuni ya ulinzi ikienda kampuni nyingine, watu hurudi Nkuhungu na Chang'ombe mikono mitupu. Aliyechangia mfuko wa hifadhi ya jamii miezi 18 au zaidi ana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara, kwa miezi 6. Halafu mwajiri anaandika kwamba mtu huyo "ameacha kazi mwenyewe", na dai linakwama.

Mwajiri naye ana hoja. Sheria haimlipi aliyeacha kwa hiari, na mfuko ni akiba ya wanachama wote. Wapo wanaopokea mshahara wakatoweka, kisha wanarudi baada ya miezi miwili kudai barua ya kuachishwa. Mwajiri anayekataa kuwaandikia uongo yuko sahihi.

Lakini tulitazame vizuri neno hilo "ameacha". Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri akikubali kwamba alimwachisha mtu, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kuwa alifanya hivyo kwa haki. Akisema mtu kaacha mwenyewe, mzigo huo anautua mlangoni, na sasa mfanyakazi ndiye anayehangaika kuonyesha kwamba alifukuzwa. Tena barua anayoulizwa kwenye dirisha la mfuko huandikwa na yule yule anayebishana naye! Sheria hiyo hiyo inatambua kwamba anayejiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike naye ameachishwa. Hilo halionekani kwenye neno moja la barua.

Kinachoniumiza zaidi ni siku 30. Ndizo anazopewa mfanyakazi kufikisha mgogoro wa kuachishwa isivyo halali Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Chukua mhasibu wa hoteli aliyekuwa akipata 600,000. Fao lake ni kama 200,000 kwa mwezi, kodi ya nyumba na unga. Anaanzia ofisi ya mfuko, anaambiwa alete barua ya mwajiri. Anakwenda hotelini, anaambiwa bosi amesafiri, njoo wiki ijayo. Anakwenda na kurudi kwa upole, akiamini bado yuko kwenye mazungumzo, kumbe siku zinahesabiwa. Zikipita, itabidi kwanza aombe kusamehewa kuchelewa, kwa sababu za msingi, kabla hata ya kusikilizwa juu ya kazi yake. Afungue shauri CMA mapema, huku akiendelea kufuatilia barua. Na asifute ujumbe wa simu uliomwambia "kesho usije", wala asiache kuwaomba wenzake wa zamu waje kueleza walichokiona.

Kwa afisa wa mfuko anayepokea barua ya mwajiri, ningeomba amuulize mwajiri huyo swali moja kabla ya kulikataa dai: kama huyu aliacha mwenyewe, barua yake ya kuacha kazi iko wapi, na kama alitoweka, mlimwandikia lini kumwita arudi?