Baiskeli Haili Mafuta, Inakula Mtu

Aliyesema baiskeli ni usafiri wa mnyonge aje anionyeshe huyo mnyonge. Ukitaka kwenda Bagamoyo kinyonge unapanda gari pale Makumbusho, unasinzia, unashtukia kondakta anakugonga bega umefika. Ukitaka kwenda kwa baiskeli, kwanza inaundwa kamati.

Ndiyo, kamati. Sisi hata tukipotea porini tutachagua mwenyekiti kwanza, njia itatafutwa baadaye. Kundi letu lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kapteni wa barabarani, wote hao kwa ajili ya kilomita zinazokaribia 60 kutoka Mwenge, na nyingine kama hizo za kurudi. Mchango wa fulana. Mchango wa maji. Mchango wa mpiga picha. Mchango wa gari la kufuata nyuma kuzoa watakaoshindwa. Nikauliza kwa adabu zote: jamani, anayeolewa ni nani? Nikaambiwa nisivunje watu moyo. Saa tano usiku jina langu likawekwa kwenye orodha ya wasiolipa, juu kabisa, ili wote waamke nalo.

Haya, baiskeli yenyewe. Mimi nimekulia kwenye Phoenix. Phoenix ilikuwa na keria, madigadi, kengele, stendi na taa ya dainamo. Ilipeleka mahindi mashineni asubuhi na mgonjwa zahanati jioni. Hizi za sasa, kadiri bei inavyopanda ndivyo vitu vinavyopungua. Muuzaji ananisifia: hii haina keria, haina madigadi, haina stendi, inua uone ilivyo nyepesi! Nikainua. Kweli nyepesi, wamebakiza nini cha kuwa kizito? Ya kapteni ndiyo kiboko, pedali zake hazikanyagwi na kandambili. Zinataka viatu maalumu vinavyojinasa, na akichelewa kuvinasua kwenye taa za barabarani huwa anaanguka ubavu, taratibu, mikono bado iko kwenye usukani, abiria wa daladala nzima wakimshuhudia.

Yangu nikaipeleka kwa fundi wetu wa chini ya mwembe nijaziwe upepo. Fundi akafungua kifuniko, akakutana na kijiti chembamba chenye kinati kichwani. Akakitazama. Akakigusa kwa kucha. Akamwita mwenzake wa viatu naye aje atazame. Pampu yake, ambayo imejaza matairi ya mtaa mzima tangu sijaoa, ikakataa katakata kukaa pale.

"Bosi," akaniambia kwa huruma, "hii si wameifunga isijazwe?"

Kumbe kuna kidude cha shaba, kidogo kuliko kifungo cha shati, cha kuunganisha hivyo viwili. Nacho kinauzwa. Na kinauzwa Kariakoo, ambako huendi kununua kidude kimoja ukarudi na kidude kimoja.

Lakini hayo yote yalikuwa rasharasha, mvua yenyewe ilikuwa kaptura. Kaptura ya baiskeli inabana kuliko mwenye nyumba wa mwisho wa mwezi, na kwa nyuma imeshonewa godoro. Godoro kabisa, la kukalia. Nilipokwenda kwa katibu kuuliza chupi ya kuvaa ndani iwe ya aina gani, akatazama kulia na kushoto, akaninong'oneza kwamba ndani havaliwi kitu. Mshono wa chupi unachubua. Badala yake unapaka mafuta ya mgando. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kuhusu baiskeli hawakuacha maagizo.

Basi siku naijaribu, nimetoka chumbani nijitazame kwenye kioo cha sebuleni, nani kakaa kwenye kochi? Mama mkwe, kafika na basi la alfajiri kutoka Tanga. Nikashika mto wa kochi, nikauweka mbele. Nikakumbuka godoro la nyuma. Nikachukua mto wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," akaliitikia dari. Alikaa kwetu muda wote uliobaki akizungumza na dari hilohilo, na mpaka leo akipiga simu anamuuliza binti yake kama mume amepata nafuu.

Kuhusu chakula sina mengi. Kapteni alituagiza usiku wa kuamkia safari tule wanga kwa wingi. Nikampa mama watoto hiyo taarifa kwa uzito wake. Akaniuliza ni lini niliwahi kula kitu kingine.

Tukaondoka Mwenge alfajiri, mwezi wa nane, na wanaoujua mwezi wa nane Pwani wameshaanza kucheka. Ni msimu wa kusi. Bagamoyo iko kaskazini ya Dar, upepo unatoka kusini, kwa hiyo kwenda unasukumwa mgongoni bila kuambiwa. Lo, tulivyokimbia! Tegeta hiyo, Boko hiyo, Bunju hiyo. Mimi mwenye kitambi nilijiona Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi aliyechukua Tour de France mara nne. Nikaanza hata kuwashauri wenzangu namna ya kupumua.

Shida ilikuwa moja tu, mashimo. Utaratibu ni kwamba wa mbele akiona shimo anapaza sauti, wa nyuma yake anampokea, hivyo hivyo hadi mwisho. Mimi nilikuwa mwisho. Neno "shimo" lilikuwa linanifikia nikiwa ndani ya shimo. Na matuta ya Mapinga na Kerege yenyewe hayatangazwi na mtu, unayatambua kwa meno.

Bagamoyo tulipiga picha, tukala samaki, tukapiga picha na mifupa ya samaki. Wenyeji walitutazama kwa upole. Mji ule ulimpokea marehemu Livingstone mwezi Februari 1874, akina Chuma na Susi wakiwa wamembeba tangu ndani kabisa ya bara, na sidhani kama umewahi kumwona mwingine aliyefika na hali kama yangu. Tena mwenzangu yule alibebwa.

Kisha tukageuza baiskeli, na kusi likatutazama usoni.

Unakanyaga, huendi. Unashusha gia, huendi, ila sasa huendi kwa haraka. Sheria ya kundi inasema kila mtu akae mbele dakika chache awakinge wenzake upepo, halafu arudi nyuma apumzike, na sheria hiyo ni ya haki kabisa, kwa sababu mtu akijibanza nyuma ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi mno. Ajabu ni kwamba kwenda kila mtu aliipigania mbele. Kurudi, mwenyekiti alifunga kamba za viatu mara zisizo na idadi, na viatu vyake havina kamba. Mweka hazina alishapanda gari la kuzoa tangu Zinga, anasema anakagua msafara.

Tukiwa tumetawanyika hivyo, akatupita mzee. Phoenix, kandambili, na nyuma magunia mawili ya mkaa yamefungwa kwa mipira, mapana kuliko mlango. Kapteni wetu ni msomi, hakuhitaji kuelezwa. Alinyanyuka kwenye kiti, akakanyaga kwa nguvu ambazo alikuwa ametuficha, akajibanza nyuma ya magunia. Upepo ukaisha. Wote tukafuata. Tukaanza kusukumana viwiko, wakili na mhasibu, kila mmoja anataka gunia lake, vumbi jeusi linatushukia kwenye fulana zetu nyeupe za mchango, na hakuna aliyejali.

Mzee hakugeuka hata mara moja. Alipofika Bunju akasimama kivulini, akaegesha, akatuhesabu kwa kidole.

"Shikamoo mzee," tukaamkia kwa pamoja, weusi wote.

"Marahaba wanangu. Tangu Kerege mko mgongoni kwangu. Sasa, gunia nani anachukua?"

Hakuna aliyeweza kumtazama machoni. Kapteni ndiye aliyetoa simu akalipa. Hapo ndipo tulipoanza kutazamana: baiskeli za mamilioni zimejaa pale, keria hakuna hata moja, na gari limejaa walioshindwa hadi kwenye buti.

"Basi nitakupelekea mwenyewe," mzee akasema. "Unakaa wapi?"

"Mikocheni."

Mzee akaitazama barabara, akatazama miti inavyolala kwa upepo, akamtazama na kapteni, kuanzia kofia hadi kaptura.

"Mikocheni," akasema, "hiyo ni hesabu nyingine, mwanangu."