Kijana amesoma matangazo mawili, sisi tumesoma moja

Kila JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, linapotangaza nafasi za kujitolea, chini kabisa ya tangazo hurudi maneno yale yale: jeshi hili halitoi ajira, wala halihusiki kumtafutia kijana ajira kwenye vyombo vya ulinzi au kwingineko, linatoa mafunzo yatakayomwezesha kujiajiri mkataba ukiisha. Na kila mara vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita hujitokeza kwa wingi wakigombea nafasi hizo hizo. Sisi tulio pembeni tunabaki kuulizana, hawa watoto hawajui kusoma?

Wanajua. Wamesoma na tangazo la pili, lile la JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jeshi linapoandikisha askari, kwa kawaida humtaka mwombaji awe amepita JKT na cheti anacho, na kwa wenye elimu ya kidato cha nne na cha sita matangazo ya karibuni yameweka ukomo wa miaka 24. Yaweke pamoja. Moja linasema hapa hapatolewi ajira. Jingine linasema asiyepita pale asije. Yote mawili ni kweli, na kijana aliyeyaunganisha hajadanganyika.

Wengi wetu hesabu hii hatuipigi. Aliyemaliza kidato cha sita ana miaka 19 au 20. Akijitolea mapema, mkataba wa miaka miwili unaisha akiwa na 21 au 22. Zinabaki kama mbili au tatu za kuvizia tangazo la kuandikisha, ambalo halina msimu maalumu kama mvua za masika. Sasa chukua yule aliyemsikiliza mjomba: "Tulia kwanza, kaa dukani mwaka mmoja, uone mambo yanakwendaje." Mwaka wa duka unazaa mwaka wa bodaboda, na anapokata shauri dirisha limebakiza ufa. Chuo kinampokea hata mtu wa miaka 30, jeshi halimpokei. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema vijana hawa wana papara. Kati ya njia zote zilizo mbele yao, hii ndiyo inayofungwa mapema kuliko zote, na wao wameliona hilo kabla yetu.

Wa kidato cha sita angalau huonja. Mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria, yaani ya lazima, yaliyositishwa 1994 na kurejeshwa 2013, humpa kama miezi mitatu ya kwata, fatiki na sauti ya afande alfajiri. Wapo wanaorudi wakiapa hawataki tena kuiona kombati. Wapo wanaorudi wakipiga hatua za gwaride mpaka jikoni. Wa kidato cha nne hana bahati hiyo. Anaingia mkataba gizani.

Kisa cha 1966 kinajulikana, wanafunzi wa chuo kikuu walivyoandamana kuipinga JKT, na Mwalimu akawarudisha makwao. Ninakigusa kwa jambo moja tu. Wale walikuwa wakiikwepa JKT kwa sababu ajira ziliwasubiri. Hawa wanaikimbilia kwa sababu haziwasubiri.

Upande wa wanaopinga kujitolea una silaha yake kubwa, nayo ni namba: 854. Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana hao 854 wameondolewa JKT baada ya kugoma na kuandamana wakidai ajira jeshini, wakisema Hayati Rais Magufuli aliwaahidi. Namba hii hutolewa kila kijana anapotaja kujitolea: unataka uwe wa 855?

Jeshi lilikuwa na sababu ya kuwa kali. Nchi hii imewahi kuona askari wakidai maslahi kwa nguvu. Maasi ya Januari 1964 yalianza na manung'uniko ya mishahara na vyeo, na JWTZ lenyewe lilizaliwa Septemba mwaka ule juu ya majivu yake. Afisa anayeona safu ya makuruta ikielekea Ikulu hawezi kuita hilo maombi. Hapo sibishi.

Lakini namba hiyo inathibitisha nini hasa? Haithibitishi kwamba kujitolea ni upumbavu. Ukiniuliza mimi, inathibitisha kwamba tangazo lilisema neno moja, jukwaa likasikika likisema jingine, na kijana akashika la aliye mkubwa zaidi. Nani katika nchi hii asingefanya hivyo? Tunawacheka kwa kuamini, ilhali tumewalea wote waamini kwamba neno la Rais ni zito kuliko karatasi.

Mama anayesema "nenda VETA", ukasome ufundi, naye nisimpite kama hayupo. Anakumbuka Semuliki, Desemba 2017, askari wetu wasiopungua 14 waliouawa Kongo kwa siku moja wakilinda amani. Anajua pia wengi wenye cheti cha JKT huishia kwenye kampuni za ulinzi, na ana haki ya kuuliza kama lindo la usiku lilihitaji miaka miwili ya jasho. (Lindo ni kazi, na mshahara wake hulipa kodi ya chumba, dharau yetu kwa walinzi ni mada ya siku nyingine.) Ninachokataa ni kumpima anayekwenda kwa anayeshindwa tu, kana kwamba aliyebaki mtaani hashindwi, ila yeye hushindwa bila kuhesabiwa.

Mpwa wangu amerudi kutoka mujibu mwaka huu, ana miaka 19, na anataka kujitolea. Nyumbani wamenituma nimkanye. Sikumkanya. Nilimwomba aandike kwenye karatasi tarehe atakayotimiza miaka 24, na kando yake aandike atafanya nini siku hiyo kama jeshi litakuwa halijamwita. Tarehe ameandika. Kando yake bado peupe, na ameniambia nimpe wiki moja.